Pumzi za Papa

Mwaka huu nimeanza kuvaa miwani. Nyinyi wa rika langu mnaijua aibu yake: unaisogeza karatasi mbali na uso, unaisogeza tena, mkono unaishia, na siku hiyo unakubali yaishe. Nilitegemea tu kuona maandishi vizuri. Sikutegemea kwamba kila asubuhi, ninapovua miwani na kuipulizia haa ili niifute, nitamwona Papa, baba yangu. Ile haa fupi, ya moto, inayotoka kooni mdomo ukiwa wazi, niliizoea kabla sijajua kusoma. Juzi ofisini, hapa Kinshasa, mwenzangu aliniuliza ninacheka nini na miwani. Nilimwambia hakuna kitu. Kilikuwepo, lakini ni kirefu, na yeye alikuwa na haraka ya kwenda kula.

Nyumba yetu Kisangani ilikuwa karibu na maporomoko, kwenye familia za wavuvi. Baba zangu wakubwa walikuwa wakipanda ile miti mirefu iliyosimikwa katikati ya maji yanayochemka, wakishusha migono, ile mitego ya samaki, na kuivuta. Papa peke yake ndiye hakufuata maji. Bruda mmoja wa misheni alimfundisha kutengeneza fremu za picha na kuzivisha dhahabu, na tangu siku hiyo kazi yake ikawa kukaa kivulini na kupapasa mbao. Kaka zake walimtania kila walipopita. Wakishamtania walimtupia furushi la ngozi za samaki, kwa sababu bila ngozi za samaki hapakuwa na fremu.

Ngozi hizo alizichemsha Koko, yaani bibi yangu, mama yake Papa, pamoja na vibofu vya samaki, katika sufuria ambayo hakuna mtu aliyeruhusiwa kuipikia kitu kingine. Zilichemka polepole mpaka zikawa gundi. Harufu yake ilishika nywele, ikashika shuka, ikashika daftari zangu za shule. Mwalimu alinihamishia karibu na dirisha bila kueleza sababu. Mimi nilidhani ni kwa ajili ya akili yangu nyingi.

Gundi ya Koko ilichanganywa na pembe, ule udongo mweupe, na Papa aliipaka mbao mara nane, kila mara akisubiri ikauke. Kisha alisugua kwa majani makavu ya msasa, siku mbili au tatu, mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Hapo kibanda kizima kilijaa vumbi jeupe. Nyusi za Papa zilikuwa nyeupe, kuku walikuwa weupe, na Koko alisimama mlangoni akilalamika. Baada ya weupe ulikuja udongo mwekundu, mwororo, uliochujwa kwa kitambaa, nao ulipakwa juu ya ule mweupe. Juu ya wekundu ndipo dhahabu ilipolala.

Watu wa mtaa waliposikia neno dhahabu walidhani tunalalia magunia. Laiti wangeiona! Ilikuja katika vijitabu vidogo ambavyo mtawa mmoja alituletea akitoka safari, na kila ukurasa ulikuwa mwembamba kiasi kwamba ukipiga chafya umeupoteza. Siku ya kuufungua mlango ulifungwa, kuku walifukuzwa, na hata Koko alinyamaza, jambo ambalo padri mwenyewe hajawahi kuliweza. Papa alilowesha wekundu kwa maji yenye matone ya lotoko, ile pombe kali ya mahindi. Koko alikuwa mwanachama wa kikundi cha mama wa kanisa waliokataa pombe, kwa hiyo chupa aliitunza yeye, sandukuni, akaipima kwa kifuniko. Papa alipitisha brashi pana shavuni mwake ipate mafuta kidogo tu, akagusa ukurasa, ukanasa, akaushusha. Ulijivuta wenyewe kwenye udongo.

Lakini kila mara yalibaki mapengo, sehemu ndogo ambazo dhahabu imeruka. Hapo Papa hakutumia maji. Aliinama, akafungua mdomo, akatoa haa moja ya moto juu ya pengo, na haraka akaweka kipande kidogo cha dhahabu. Kikashika. Nilikuwa na miaka saba au minane nilipomuuliza.

— Papa, unatia nini pale?

— Pumuzi, alijibu bila kuinua macho, akiita dhahabu kwa Kifaransa. — Bila pumuzi, or haishike.

Jibu lilikuwa sahihi kabisa, na lilininyima raha kwa miezi mingi. Kwa sababu nilikuwa nimeona jinsi picha zinavyobadilika zikiingia kwenye fremu zetu. Picha ya mwalimu mkuu ilipokuja mikononi ilikuwa karatasi. Ilipotoka kwetu imezungukwa na dhahabu, yule mtu alikuwa anatazama, macho yalikufuata hadi jikoni. Nilijua sasa yanatoka wapi maisha hayo. Yanatoka kwa Papa. Anayatoa haa kwa haa na kuwagawia watu, nao wanayachukua kwenye toleka, zile baiskeli za abiria, wamefunga nyuma kwa kamba, wanaenda nayo.

Na Papa alikuwa anakohoa. Kikohozi kikavu, kirefu, kilichomkunja mpaka ashike ukingo wa meza. Watu wengine hawakukihesabu kama kitu, walikizoea. Mimi nilielewa: pumzi zinapungua, zimebaki za chini, zinakwaruza.

Nikaanza kumtunzia. Alipotaka kumwita mtu aliye mbali nilikimbia kabla hajafungua mdomo. Chai yake niliipepea na kifuniko ili asiipulize. Jumapili kanisani, yeye akiwa mwimbaji wa sauti nene, nilimvuta shati katikati ya wimbo. Alidhani nataka kwenda chooni, akanipeleka mara tatu katika misa moja. Mama, ambaye kila siku alikuwa sokoni na alituona jioni tu, alimuuliza kama tumbo langu ni zima. Papa akasema hajui, ila mtoto huyu siku hizi ana mambo.

Ndipo akaja mzee wa Yangambi. Alikuwa amefanya kazi miaka yake yote kwenye mashamba ya utafiti kule, mtu mrefu mwenye kofia, akisalimia watoto kwa mkono kana kwamba tulikuwa wakubwa. Alitoa kwenye bahasha picha yake na mke wake siku ya ndoa, ikiwa imekuzwa, upana wake kama meza yetu ya kulia.

— Papa Mado, alimwambia Papa, maana kwetu mzazi anaitwa kwa jina la mtoto, na Mado ni mimi, — bibi yangu macho yake inaanza kukwisha. Docteur alisema haitarudi. Nataka cadre, fremu ya or ya kuwaka sana, aone picha yetu iko wapi, hata asipoona sura. Jumamosi ya pili nitakuja naye na boti. Itawezekana?

— Itawezekana, mzee.

— Na or itatosha?

Papa alihesabu kurasa za kijitabu cha mwisho, akazihesabu tena. — Itatosha juste. Hakuna ya kupoteza.

Nilitazama ukubwa wa ile picha, nikapiga hesabu. Fremu ya mwalimu mkuu, ndogo vile, ilichukua haa kumi na moja, nilizihesabu mwenyewe. Hii itammaliza. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Koko angesema niombe, na kuomba nilikuwa nimeomba tayari.

Kazi ilienda siku tisa. Ijumaa asubuhi fremu ilikuwa imesimama ukutani, pande tatu zimeshavaa dhahabu, upande wa chini bado mwekundu, laini, unasubiri. Papa alivuka kwenda Lubunga kwa mtumbwi kuchukua ubao wa mgongo wa fremu. Koko alikuwa mtoni na ngozi zake. Nilisimama mbele ya ule wekundu na nikapata wazo ambalo mpaka leo nasema lilikuwa zuri, tatizo lilikuwa kwenye mafuta. Kama fremu inataka pumzi, kwa nini ziwe za Papa tu? Mtaa mzima umejaa watoto, na hakuna anayezitumia kwa jambo la maana.

Nilimwita jirani yangu Bijou, naye akaja na wadogo zake wanne, wakitafuna. Walikuwa kwenye lituma, ndizi za kutwangwa zilizotiwa mawese, na midomo yao ilimeremeta. Niliwapanga mbele ya fremu.

— Mufungue kinywa sana, niliwaamuru. — Kila mutu anapumua mara tano. Musicheke.

— Juu ya nini? Bijou aliuliza.

— Juu ya Papa asikufe.

Hilo liliwatosha. Walipiga magoti, wakapumua. Mdogo kuliko wote, Dieudo, hakuelewa umbali. Aliweka mdomo wake kabisa kwenye udongo, kama anayenyonya, na wengine wakaona ndiyo namna bora. Tulimaliza upande wote. Nilijisikia mwepesi kuliko siku nyingine yoyote ya mwaka ule.

Papa alirudi saa sita mchana, akala, akafunga mlango. Mimi nilikaa kwenye kona yangu, nikingoja aone kazi imepungua. Alilowesha upande wa chini. Maji yalikimbia. Badala ya kuingia kwenye udongo yalijikusanya matone-matone, yakaacha sehemu kavu. Alishusha ukurasa wa kwanza, ukajikunja. Wa pili, ukapasuka. Wa tatu, uliokuwa wa mwisho, ulishika nusu, na alipougusa kwa pamba ulitoka wote. Papa aliacha. Aliinamisha fremu kuelekea mwanga wa ufa wa mlango, na hapo tukaiona, yeye na mimi pamoja: safu ya viduara vidogo, kimoja baada ya kingine, kila kimoja alama ya mdomo wa mtoto.

Alinusa. — Mawese, alisema taratibu.

Alichukua kisu, akakwangua upande ule wote hadi kwenye weupe, akapaka wekundu upya, akaitoa fremu nje juani ikauke. Jioni ilipokaribia alirudi nayo ndani, akafungua kijitabu. Hapakuwa na ukurasa mzima hata mmoja. Vilibaki vipande, mabaki ya kingo, vingi virefu kama kidole na vingine vidogo kama ukucha. Koko, aliyekuwa ameingia na sufuria yake, aliuliza atafanyaje.

— Nitaunganisha hii bipande, moja-moja. Haitaki maji tena. Yote ni ya pumuzi.

Nilihesabu vipande kwa macho. Kumi na tisa. Nilitaka kumpunguzia, na sasa nimemwongezea haa kumi na tisa, moja juu ya nyingine, siku ambayo amekohoa tangu asubuhi. Papa aliinama. Alifungua mdomo. Niliruka kutoka kwenye kona yangu na kuuziba mdomo wake kwa kiganja.

— Apana, Papa! Utakwisha!

Yakatoka yote kwa mkupuo, pamoja na kamasi: pumzi ndani ya fremu, macho ya mwalimu mkuu, chai, kanisa, Bijou na wadogo zake. Koko alianza kucheka mpaka akashika mlango. Papa hakucheka. Alikuwa bado na kiganja changu mdomoni, akakishika na kukigeuza.

— Haa, alifanya ndani ya kiganja changu. — Iko moto?

— Iko moto.

— Haa. Na sasa?

— Iko moto tena.

— Bon. Inatoka, inaingia ingine. Kila mara. Hata ningetia kwa cadre ya monseigneur askofu na ya...

Hapo kikohozi kikamkata. Kilimkunja, akashika ukingo wa meza kama kawaida yake, na kilikuwa kirefu. Kilipoisha Koko hakuwa anacheka tena. Alikuwa anatazama mabega ya mwanawe, yaliyojaa vumbi la pembe, na nyusi zake nyeupe.

— Mutoto iko na haki upande moja, Koko alisema. — Hii cadre njo inakula kifua yako. Hapana pumuzi unatia, ni vumbi unakunywa. Miaka ngapi minakuambia ufunge kitambaa kwa pua?

— Mama, kitambaa inaleta joto.

— Joto! Mutoto wa miaka nane anakusanya quartier mzima juu yako, na weye unaogopa joto!

Alifungua leso yake ya kichwani, ya bluu yenye maua ya manjano, akamfunga Papa puani palepale kwa fundo ambalo lisingefunguka. Papa alionekana kama mama wa soko anayeumwa jino. Mimi nilicheka huku nalia, na nakiri sijawahi kufurahi vile tena, hata siku ya diploma.

— Voilà, Papa alisema chini ya leso. — Sasa mi siwezi kupumulia or na hii kintu. Njo weye utafanya. Kwanza enda oshe kinywa.

Nilisukutua kwa maji ya chumvi mara tatu. Koko alinikagua midomo, akanifuta kwa ncha ya kanga, akanikagua tena. Kisha nikainama pale Papa aliponielekeza, nikafungua mdomo, nikatoa haa. Wekundu ulififia kwa unyevu, sehemu ndogo ya kidole, na Papa akashusha kipande cha kwanza. Kikaruka kwenye pumzi yangu na kukaa. Haa ya kumi na mbili kichwa kilizunguka. Nilifikiri, basi, ndiyo sasa, nakwisha. Sikuogopa sana, niliona ni haki. Ya kumi na tisa ilipokwisha nilikimbia nje hadi kwenye mawe ya mto na kurudi, nikasimama mlangoni nikihema, na pumzi zangu zote zilikuwepo. Tangu hapo niliamini.

Asubuhi ya Jumamosi Papa alisugua dhahabu kwa jiwe laini la maporomoko, akiwa amefungwa leso, mpaka ikawaka. Ule upande wa chini uliwaka pia, lakini viungo vya vile vipande vilionekana, na kwenye kona ya kulia, ambako mabaki yalikuwa madogo zaidi, wekundu ulichungulia. Papa alijua. Mimi nilijua. Mzee wa Yangambi alifika saa nane, amemshika mkewe kiwiko.

Yule mama alikuwa mfupi, mchangamfu, na aliingia akinusa. — Huku banapika samaki gani? aliuliza. Mumewe alimsogeza mbele ya fremu. Alisogea mpaka pua ikakaribia kugusa, akageuza kichwa upande huu na ule, na uso wake ukafunguka.

— Naona! Inawaka! alimwambia mumewe. — Papa, naona mahali tuko!

Kisha akapitisha kidole kote, juu, kushoto, chini, kwa uangalifu wa mtu aliyeanza kuzoea kuona kwa mkono. Kwenye kona ya kulia kidole kilisimama, kikarudi, kikasimama tena.

— Hapa iko na alama.

Nilitazama miguu yangu. Papa alishusha leso. Angeweza kusema mambo mengi ya kifundi, na alikuwa nayo.

— Ni mahali mutoto yangu alitia pumuzi yake, mama. Or ilikuwa inapunguka. Kama haikupendeze, mi nitaitoa, mutangoja mwezi ingine.

— Mutoto gani?

Nilisukumwa mbele. Alinishika uso wote, pua, masikio, akanusa gundi kwenye nywele zangu, akacheka.

— Alors muache vile vile, alisema. — Na muitundike chini, karibu na kitanda. Nifikie kwa mukono.

Papa hakuiacha ile leso tena. Kaka zake walipata jambo jipya la kumtania, walimwita Mama Cadre hadi walipozeeka, lakini kikohozi kilipungua msimu baada ya msimu, na kufikia mwaka niliomaliza shule ya msingi kilikuwa kimebaki cha kawaida, cha homa za mvua. Mimi nilibaki mpumuaji wa nyumba. Kila pengo la dhahabu lilikuwa langu, hadi nilipoondoka kwenda kusoma.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani. Koko tulishamzika zamani, Papa ni mzee sana, mikono inatetemeka, kazi hachukui tena. Akaja kijana kutoka Yangambi na kitu kikubwa kilichofungwa kwa shuka. Babu na bibi yake wote wamekwenda, alisema, na familia inataka picha irudi ukutani ikiwa nzuri, je, mnaweza kuirudishia dhahabu? Tulifungua shuka. Pande zote zilikuwa zimechakaa kidogo, kwa unyevu na miaka. Lakini kona ya chini, upande wa kulia, haikuwa na dhahabu hata chembe. Wala wekundu. Ulibaki weupe wa pembe, umelainika na kuwa na bonde dogo, ambalo kidole changu kiliingia na kutosha.

— Koko yetu alikuwa anaishika kila siku, kijana alieleza, kama anayeomba radhi. — Hata macho yake ilikwisha kabisa. Anaishika hivi, anatuambia: hapa kuko na mutoto moja anapumua.

Papa alivaa miwani yake, akainama, akaitazama kona.

— Fanya pande zote, aliniambia. — Ile kona uache.

Kwa hiyo alasiri ile nilikaa kwenye meza yake, miwani yangu usoni, vipande vya dhahabu mbele yangu. Papa alikuwa nyuma, kwenye kiti cha kamba, leso ya bluu iliyofifia ikiwa shingoni, ingawa hakuna vumbi la kumtisha. Alikuwa amelala. Alikuwa anakoroma, kukoroma kwa mwimbaji wa sauti nene, mpaka mfuniko wa sufuria ya gundi ulitikisika. Nilijikuta nahesabu pumzi zake. Nilipofika kumi na tisa niliona hana dalili ya kuishiwa, nikainamia fremu, nikatoa haa yangu.